Spana Namba Kumi na Tatu

Bolti za mgongoni nilizifunga mimi.
Watu husema Kadzo Mwarome aliruka juu ya Makupa
kama radi isiyoleta mvua. Hawasemi
kwamba kifua chake kilikuwa mlango wa kontena,
magoti ya foklifti iliyofia Kipevu,
na kwamba ndani ya chuma kile, mwezi wa Februari,
mtu huiva kama muhogo.

Usiku wa mwisho tulipanda Changamwe, kwenye tangi.
Siku arubaini mifereji ilikuwa ikikohoa hewa.
Dumu la lita ishirini lilifika shilingi mia na hamsini,
na kila dumu lina muhuri wa Shekuwe:
Shekuwe wa malori, Shekuwe wa visima,
Shekuwe aliyefuturu nasi kwenye karakana ya Shimanzi
enzi zile yeye na Kadzo wakiuza pampu kuukuu
na kugawana faida kutoka mkebe wa biskuti.

Nilitaraji bunduki, mbwa, mabaunsa wa kukodi.
Tulimkuta peke yake kwenye kiti cha plastiki,
kanzu imepigwa pasi hadi mikunjo inakata,
faili mapajani,
chupa ya maji baridi ikitoka jasho miguuni pake.
"Kadzo. Wafika. Hebu keti."
Kadzo hakuweza kuketi.
Nilisahau kumtengenezea nyonga za kuketia.

"Fungua maji, Mselem."
Sauti ilipita kwenye spika ya redio ya mtumba,
ikatoka na nyufa.
"Nitayafungua. Kwa bei." Akalamba kidole, akafunua karatasi.
"Ile betri uliikopa, wakumbuka? Deni nimelinunua.
Mota pia. Hata bati la kifuani.
Umevaa mali yangu, dada.
Wataka kunipiga kwa ngumi zangu mwenyewe?"

Kadzo akainua mkono.
Taa ya buluu ikajaa kiganjani,
taa niliyoiona Jomvu ikipasua lori la tani kumi.
Naye Shekuwe akabonyeza simu, taratibu,
kama mtu anayemtumia mamake pesa.

Giza.
Viungo vikajifunga, kimoja baada ya kimoja,
Kadzo akabaki wima, ngumi hewani,
kama abiria aliyepitwa na gari.

Shekuwe hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.
Alitoa kalamu, akapiga hesabu kwa sauti:
chuma chakavu, kilo mia mbili na kumi,
toa uzito wa mtu.

Ndani nikasikia pumzi. Kisha kugonga:
mara moja, mara mbili.
Hakuhitaji kugonga mara kumi na tatu.
Spana ilikuwa mfukoni mwangu tangu alfajiri.

Bolti zikaanguka kwenye saruji, zikabingirika mbali.
Akatoka akitota jasho, miguu mitupu, leso imemgandama,
mfupi kuliko nilivyomkumbuka.
"Haya, chako hicho," akamwambia. "Hesabu vizuri."
Akampita.

Gurudumu la vali lilikuwa pana kama sinia la pilau,
kutu imelishika tangu Wazungu.
"Hilo nalo..." akaanza Shekuwe, akafungua faili,
akafunua karatasi, nyingine, nyingine.
Kadzo akashika upande huu, mimi ule.
Ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma.
Robo.
"Nina karatasi yake," akasema Shekuwe. "Iko hapa."
Nusu.

Bomba likaguna chini ya nyayo zetu
kama ng'ombe aliyeamshwa.
Kimya kirefu. Halafu, mbali, upande wa Chaani,
sufuria moja ikalia,
mwanamke akamtukana mtu amletee ndoo, haraka, zote,
na taa zikaanza kuwaka nyumba kwa nyumba.
Shekuwe alikuwa bado anatafuta.

Asubuhi vijana wake walilichukua vazi kwa mkokoteni.
Risiti ninayo.
Watoto huniuliza kama Kadzo ataruka tena;
nawaambia nendeni Shimanzi mkamuulize,
yuko chini ya pampu ya mtu, amelala chali.
Spana ningali nayo.
Shekuwe ameshaandika barua mbili akiidai.